Kijivu au Cheupe: Jinsi ya Kukipima Chuma cha Kusubu

Katika karakana ya kusubu chuma, hukumu ya kwanza hutolewa na kipande kidogo kinachoenea kiganjani. Kabla ya ndoo ya chuma cha moto kupelekwa kwenye kalibu, fundi huchota kiasi na kukimimina katika shimo la mchanga lenye umbo la kabari, upande mmoja mnene, upande wa pili umechongoka. Huiacha kabari igande mpaka wekundu ufifie, huitumbukiza majini, kisha huilaza juu ya fuawe na kuipiga nyundo. Ikishakatika, anachotazama ni rangi ya mvunjiko. Kwenye ncha kali hukuta weupe wa fedha unaometameta, wenye mistari iliyonyooka kutoka ukingoni kwenda ndani. Kwenye upande mnene hukuta kijivu kilichopoa, kisichorudisha mwanga. Katikati kuna ukanda wa madoadoa, weupe na kijivu vikiwa vimechanganyika. Hutwaa rula akapima weupe ule una upana wa milimita ngapi, na kwa kipimo hicho anajua kama chuma kilichobaki tanurini kinafaa kwa kazi iliyo mbele yake.

Kabari nzima imetoka katika ndoo moja, kwa mmimino mmoja. Ncha imepoa haraka kwa sababu ni nyembamba, shina limepoa taratibu kwa sababu ni nene, basi. Yeyote anayetaka kujua ubora wa jiliwa, ngoma ya breki, mguu wa cherehani au pasi ya mkaa hana budi kuanza na jambo hilo, kwa kuwa kila kitu cha kusubu kina ncha zake na mashina yake.

Chuma cha aina hii kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2.5 na 4, pamoja na silikoni ya asilimia 1 hadi 3. Nondo ya kujengea nyumba haifikishi hata asilimia 0.5 ya kaboni. Chuma kikiwa kimeyeyuka, kaboni hiyo yote huwa imo ndani yake bila kuonekana. Kinapoanza kuganda hakiwezi tena kuibeba yote, nayo hulazimika kutafuta pa kukaa. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kujitenga na kuwa grafiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli, ikatanda kwenye chuma kwa magamba membamba yasiyoonekana bila hadubini. Ya pili ni kushikana na chuma chenyewe, atomi tatu za chuma kwa moja ya kaboni, ikawa simentaiti, ambayo ni ngumu mno na haina hata chembe ya unyumbufu.

Joto la njia hizo mbili limekaribiana ajabu. Katika mchanganyiko wa chuma na kaboni peke yake, grafiti inaweza kuanza kujitenga kwenye nyuzi 1,154 hivi za sentigredi, na simentaiti kwenye nyuzi 1,148 hivi. Chuma kikishuka taratibu, grafiti hupata muda wa kuchipua na kukua. Kikiporomoka ghafla, huzipita nyuzi hizo chache kabla grafiti haijapata pa kushika, na simentaiti hutwaa nafasi yote. Silikoni huupanua mwanya huo, ndiyo maana chuma chenye silikoni ya kutosha huwa cha kijivu hata pale kinapopoa haraka kidogo. Kromiamu huubana, chuma kikaelekea weupe.

Kuna kitu cha tatu ambacho mnunuzi hakioni lakini hukilipia: mbegu. Grafiti haipendi kuanza patupu. Huhitaji chembe ndogo za kujishikiza. Fundi anayejua kazi hunyunyiza ferosilikoni ndani ya ndoo muda mfupi kabla ya kumimina, kiasi kisichozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wa chuma, na chembe hizo hutokea kwa wingi. Lakini nguvu yake haidumu. Dakika kumi au robo saa ikipita, sehemu kubwa imekwisha, na chuma kile kile kilichotoa bidhaa nzuri mwanzoni mwa ndoo huanza kutoa pembe nyeupe mwishoni. Hivyo bidhaa mbili zilizotoka karakana moja, siku moja, kwa kalibu moja, zinaweza kutofautiana kabisa. Jina la kiwanda lina thamani yake, ila halimwondolei mnunuzi kazi ya kuangalia kipande alichokishika mkononi.

Je, kipi bora? Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane kazi. Chuma cha kijivu hukubali tupa, keekee na mashine ya kukereza. Magamba ya grafiti hukilainisha mbele ya kisu, hupitisha joto vizuri na huuzima mtetemo. Kwa hiyo vitanda vya mashine za kukereza, bloku za injini na ngoma za breki vimesubiwa kwa chuma hicho miaka na miaka. Magamba hayo hayo ndiyo udhaifu wake. Kila gamba ni ufa uliokwisha kuanza, na chuma kikivutwa hukatika kwa kufuata grafiti, ndiyo sababu mvunjiko wake ni wa kijivu. Kikikandamizwa hustahimili mara tatu au nne ya nguvu ambayo ingekikata kikivutwa. Waingereza walilijua hilo kwa uchungu tarehe 24 Mei 1847, wakati boriti ya chuma cha kusubu katika daraja la reli la mto Dee, mjini Chester, ilipokatika treni ikiwa juu yake na watu watano wakafa. Upande wa chini wa boriti ile ulikuwa ukivutwa.

Chuma cheupe hakikubali tupa kabisa. Ugumu wake kwa kipimo cha Brinell huvuka 400, ilhali kijivu cha kawaida huwa kati ya 150 na 250. Hakiliwi na mchanga, mawe wala nafaka. Pigo moja la nyundo pembeni, hata hivyo, linaweza kukimega. Kwa mipira na mabamba ya ndani ya vinu vya kusagia mawe ya madini, weupe ni sifa. Kwa mguu wa cherehani ni balaa. Ubovu ni ule weupe uliokuja pasipoitwa.

Hakuna aliyeuita weupe kwa ustadi kuliko Abraham Ganz, Mswisi aliyefungua karakana yake Buda, Hungaria, katika miaka ya 1840. Reli zilikuwa zikienea Ulaya, na magurudumu ya mabehewa yalitakiwa kuwa na mambo mawili yasiyopatana: ukingo mgumu usiolika juu ya reli, na kiwiliwili kisichopasuka kwa mishtuko. Ganz alitengeneza kalibu ambayo sehemu ya ukingo ilikuwa pete ya chuma baridi na sehemu iliyobaki ilikuwa mchanga. Chuma cha moto kilipogusa ile pete kiliganda papo hapo kikawa cheupe. Kilichokuwa upande wa mchanga kilipoa kwa starehe kikawa kijivu. Kalibu yake aliipaka dawa yenye antimoni ili ukingo utoke safi. Mwaka 1867 karakana yake ilisherehekea gurudumu la 100,000. Miaka michache baadaye András Mechwart, aliyeiongoza kampuni hiyo baada ya Ganz kufa, akaitumia mbinu ile ile kutengeneza mitungi ya kusagia ngano, nayo ikabadili vinu vya unga duniani. Unga wa ngano wa viwandani unaopikiwa chapati leo umepita katikati ya mitungi ya namna hiyo, migumu nje na ya kijivu ndani. Jengo la karakana ya Ganz mjini Budapest limehifadhiwa kama makumbusho ya kusubu chuma, nalo linastahili safari ya mpenda chuma yeyote anayefika mji ule.

Mwenzake wa upande wa kijivu ni Abraham Darby wa Coalbrookdale, Uingereza. Mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, na mwaka 1709 akaanza kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki badala ya mkaa wa miti. Koki ilileta joto kubwa, na joto hilo likaingiza silikoni zaidi ndani ya chuma. Matokeo yake, chungu chenye ukuta mwembamba kiliweza kuganda kikiwa kijivu. Kwa chuma chenye silikoni kidogo, ukuta kama ule ungetoka mweupe na kupasuka. Darby alitajirika kwa wembamba. Hadi leo, anayetaka kumjaribu fundi wa kusubu amwangalie kwenye sehemu nyembamba, kwa kuwa kwenye sehemu nene hata asiyejua hupata kijivu.

Basi mnunuzi afanyeje dukani, ambako hawezi kuvunja kitu?

Aanze na pembe. Achague mahali pembamba na pasipoonekana, kama ukingo wa chini wa jiliwa au ncha ya mguu wa mashine, akwangue rangi kidogo, kisha apitishe tupa nyembamba mara mbili tatu. Chuma cha kijivu huumwa na tupa na kutoa unga mweusi. Ukiusugua kati ya vidole huacha doa la penseli, kwa kuwa ndiyo grafiti yenyewe. Cheupe huifanya tupa iteleze na kulia, na meno yake yakabaki yanang'aa bila unga. Kisha ajaribu mahali penene. Tupa ikiuma katikati na kuteleza pembeni, pembe zimeganda nyeupe, na keekee itakayotoboa hapo itakatika ncha. Tofauti hiyo kati ya pembe na katikati ina maana kubwa kuliko jibu la mahali pamoja.

Afuatie sikio. Kitu kining'inizwe kwa kamba au kishikwe kwa vidole viwili na kugongwa kwa ufunguo. Kijivu kizuri hutoa sauti fupi, nzito, inayozimika mara moja. Kilichoficha ufa huparaza kama chungu chenye mstari, na mama yeyote aliyewahi kununua vyungu gulioni ataitambua sauti hiyo bila kufundishwa. Kikilia kwa muda mrefu kama kengele, ama ni cheupe, ama ni kile chuma cha kusubu kinachonyumbulika, kitakachotajwa punde. Sikio haliwezi kutenganisha hivyo viwili; tupa inaweza. Ndiyo maana majaribio haya hayafanywi moja moja.

Halafu sumaku. Matundu ya hewa na mashimo yaliyoachwa na mchanga hufichwa kwa puti na kupakwa rangi juu yake, hasa kwenye majiliwa na mashine za bei nafuu. Sumaku ndogo ikitambazwa juu ya rangi hulegea inapofika kwenye puti. Shimo dogo chini ya kitako si kitu. Shimo kwenye taya la jiliwa, au mahali bolti inapopita, linatosha kuirudisha bidhaa rafuni.

Kwenye karakana za mitaani mambo ni mepesi zaidi, kwani vipo vipande vilivyovunjika: mabaki ya njia za kumiminia, bidhaa zilizoharibika, chuma kilichomwagika. Mteja aombe kuviona. Mvunjiko wa kijivu wenye punje ndogo zilizolingana ni dalili njema. Mvunjiko mweusi wenye vimeto vikubwa unaonyesha kaboni imezidi au chuma kimepoa polepole mno. Kitakerezwa kwa raha lakini ni dhaifu. Upo pia ugonjwa wa kinyume, ambao huwachanganya hata wazoefu: nje kijivu, kiini cheupe. Salfa iliyozidi bila manganizi ya kuifunga huweza kuuleta, na tupa ya nje haiwezi kuugundua. Kipande kilichovunjika huuonyesha wazi.

Hapo linaingia suala la vyuma chakavu, na mwandishi wa mwongozo huu analiona kuwa zito kuliko yote kwa karakana za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Kinachotupwa tanurini ndicho kitakachotoka. Bloku za injini zilizopasuka na ngoma za breki zilizochoka ni mali, kwa sababu zilikuwa chuma cha kijivu tangu mwanzo na mchanganyiko wake unajulikana kwa karibu. Fundi akichanganya nondo na mabati hupunguza kaboni na silikoni; akitupia springi na beringi huongeza kromiamu; yote hayo huvuta kuelekea weupe. Risasi iliyonasa kwenye vipande, hata kwa kiasi kidogo mno, huharibu umbo la magamba ya grafiti na kukifanya chuma kuwa legelege ingawa kwa macho ni kijivu safi. Karakana inayotenga vyuma vyake kwa mafungu na kuvunja kabari kabla ya kila mmimino inastahili kulipwa zaidi, na wateja wanapaswa kulidai jambo hilo kwa sauti.

Herufi zilizosubiwa juu ya bidhaa nazo husema mengi. Wachina huandika HT250, Wajapani FC250, Wahindi FG 260, Wajerumani wa zamani GG25, na kiwango cha Ulaya cha sasa ni EN-GJL-250. Zote hizo ni alama za chuma cha kijivu, na namba ni nguvu ya kuvutwa ambayo chuma hakitakiwi kukatika kabla ya kuifikia: 250 ni niutoni kwa kila milimita mraba, na 25 ya Kijerumani ni kilo kwa kipimo hicho hicho. Kwa diski na ngoma za breki, 200 hadi 250 ni kawaida. Herufi zisizo na namba hazimwambii mnunuzi chochote.

Ngoma ya breki ina mtego wake. Fundi anapoikereza upya hukutana na visiwa vigumu vinavyong'aa, kisu kikiruka juu yake, na mara nyingi kiwanda hulaumiwa bure. Visiwa vikiwa katika njia ya viatu vya breki, navyo vimezungukwa na rangi ya bluu au weusi wa kuungua, vimeletwa na dereva: breki zilichemka kwenye mteremko, chuma kikapoa ghafla na kugeuka kigumu. Weupe wa kusubiwa hukaa kwenye kingo na sehemu nyembamba, tena huonekana kwenye ngoma mpya kabla haijafungwa.

Pasi ya mkaa, ile yenye kifungo cha umbo la jogoo, ni somo jingine la wembamba. Kuta zake ni nyembamba, hivyo mdomo wake hupenda kuganda mweupe, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji humeguka ukingoni. Tupa ipitishwe kwenye mdomo kabla ya kutazama kitako. Kitako chenyewe kiwe kimesawazishwa kwa mashine, kisiwe na vitundu vya kunasa kitambaa.

Vipo vyuma vilivyozaliwa vyeupe kwa makusudi na kubadilishwa baadaye. Elbo, tii na soketi za mabomba ya mabati zilizo nyingi majumbani zilisubiwa zikiwa nyeupe pepepe, kisha zikapashwa joto la nyuzi 900 na zaidi kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, mpaka simentaiti ikavunjika na kaboni ikajikusanya katika vifundo badala ya magamba. Mfaransa Réaumur aliandika juu ya njia ya kulainisha chuma cheupe mwaka 1722, na Seth Boyden wa Newark, Marekani, akapata njia yake mwaka 1826. Elbo iliyopikwa vizuri hubonyea kidogo kwenye jiliwa kabla ya kupasuka. Iliyopikwa nusu hupasuka kwa mlio, na mvunjiko wake bado una weupe.

Cha mwisho ni kile kinacholia kama kengele na bado hukubali tupa. Mwaka 1943 Keith Millis wa kampuni ya INCO aligundua kwamba magnesi kidogo hufanya grafiti ijikunje kuwa vidonge vya mviringo badala ya magamba, na hataza ikatolewa mwaka 1949. Chuma hicho hupinda kabla ya kuvunjika. Alama yake ya Ulaya ni GJS, na 500-7 maana yake ni nguvu ya 500 na mrefuko wa asilimia 7. Vifuniko vya mashimo ya barabarani vyenye alama D400, vinavyotakiwa kubeba kiloniutoni 400, yaani karibu tani 40, siku hizi husubiwa kwa chuma hiki. Kwa jiliwa litakalopigwa nyundo kila siku, hicho ndicho cha kununua, hata kama bei imepanda.

Kwa hiyo anayekwenda dukani abebe tupa ndogo na sumaku, vyote vinaenea mfukoni. Aombe ruhusa kabla ya kukwangua, akwangue chini pasipoonekana, na asikubali kuonyeshwa sehemu nene peke yake. Muuzaji akikataa tupa iguse hata kitako cha bidhaa, mnunuzi aiache hapo hapo na aende duka la pili.